Uzi maalumu: Kuzitambua noti za zamani za Iran, kutoka zama za tomani hadi za Khomeini

#1 MsafiriWaMatrah
Wakuu, salaam kwenu. Leo naomba nianzishe uzi wa jambo linalonikalisha macho usiku kwa miaka sasa: noti za zamani za Iran.

Noti yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya Kaaba. Ilikuwa soko la Matrah, hapa Maskati, kwa mzee mmoja anayeuza sarafu, majambia na pete za fedha. Ana bakuli la plastiki limejaa noti za kila nchi. Nikachomoa moja, nyuma ina picha ya Kaaba. Riali 2,000 za Iran. Nikalipa bei ya vikombe viwili vya chai, nikaenda zangu. Nilipoitafuta nikakuta ni ya toleo la 1986, nikaridhika.

Wiki iliyofuata nikapata nyingine kama hiyo. Usiku nikaziinua zote mbili mbele ya taa. Ya kwanza, ndani ya karatasi, ina kivuli cha nembo ya taifa. Ya pili ina kivuli cha uso wa mtoto. Mbele ni zile zile, nyuma ni zile zile, rangi haina tofauti, lakini ni noti mbili. Sikulala mapema siku ile.

Uso ule ni wa Hossein Fahmideh, kijana wa miaka 13 aliyekufa Khorramshahr mwaka 1980, mwanzoni mwa vita na Iraq. Noti za miaka ya themanini zilichapwa kwa muda mrefu bila kubadilishwa sura, na kilichobadilika ni kivuli: kwanza nembo, kisha Fahmideh, kisha Khomeini mwenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina riali 2,000 ya Kaaba", bado hajakuambia ana noti gani.

Nitaeleza ninachokijua kidogo kidogo. Wenye noti nyumbani leteni maelezo, tuzisome pamoja.

#2 Kipanya_Moro
Nimeweka kiti mkuu. Endelea.

#3 MsafiriWaMatrah
Tuanze na namba, maana sisi tuliopita madrasa tunajiamini mno hapa. Namba za Kifarsi si zile zile za msahafu. Tatu kati yake zimeachana: nne inaandikwa ۴ wala si ٤, tano ni ۵ wala si ٥, sita ni ۶ wala si ٦. Zilizobaki utazitambua bila shida.

Jambo la pili ni mwaka, na hapa ndipo wengi wanapotumbukia. Noti ya Bank Melli, benki ya taifa ya Iran, imeandikwa ۱۳۳۲. Muislamu yeyote atasema hiyo ni hijria, na 1332 hijria ni kama 1914. Anatangaza ana noti ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia! Lakini Iran inatumia hijria ya jua, inayoanza mwezi Machi kila mwaka. Unajumlisha 621: 1332 inakuwa 1953. Na noti yenyewe ingekusaidia, kwani aliyemo ni Mohammad Reza Shah, mfalme wa mwisho wa Iran, ambaye mwaka 1914 alikuwa hajazaliwa.

Kuna kalenda nyingine iliyodumu muda mfupi. Mwaka 1976 Shah aliamuru miaka ihesabiwe tangu ufalme wa Koreshi, mfalme wa kale wa Uajemi, ghafla mwaka ukawa 2535. Ilifutwa 1978. Hiyo utakutana nayo zaidi kwenye sarafu. Toa 559 unapata mwaka wetu.

#4 MhasibuDom
Mkuu nakuheshimu, lakini nauliza swali la kikwetu: hizi noti zina pesa? Maana riali yenyewe ya leo haina thamani.

#5 MsafiriWaMatrah
Swali zuri ndugu yangu, na nakujibu bila kuficha. Noti za baada ya mapinduzi ya 1979 nyingi ni za bei ya chini, zilichapwa kwa wingi na zipo kila mahali. Za Bank Melli za miaka ya thelathini zikiwa safi ni habari nyingine. Na za Imperial Bank of Persia ni za watu wenye mifuko. Mimi sina hata moja, nimewahi kuishika moja tu, mkono ukanitetemeka.

Hebu nikae kidogo kwenye hii benki, maana inatugusa hata huku. Ilianzishwa 1889 na Waingereza kwa mkataba aliopewa Baron Julius de Reuter, ikapewa haki ya kutoa noti Uajemi nzima. Hesabu ilikuwa kwa tomani, tomani moja ni qiran 10. Mbele kuna Naser al-Din Shah, na za mwanzo ni kazi ya wachapaji Bradbury Wilkinson wa London. Shah huyo aliuawa 1896, lakini sura yake iliendelea kubaki kwenye noti za benki hiyo miaka mingi baadaye. Usimtumie yeye kukadiria umri.

Kitu cha kutafuta ni jina la mji. Kila noti ilikuwa inalipwa kwa fedha katika mji mmoja tu: Tehran, Tabriz, Isfahan, Shiraz, Bushehr, Mashhad na kadhalika. Kubeba sarafu za fedha kwa misafara ya nyumbu na ngamia kulikuwa ghali na hatari, basi benki haikutaka mtu aje na noti ya Tehran adai fedha yake Bushehr. Kwa mkusanyaji, mji ndio roho ya noti. Tehran haiwi sawa na mji mdogo ambako zilitoka chache.

Haki ya kutoa noti ikarudi mikononi mwa Wairani mwanzoni mwa miaka ya thelathini, ikapewa Bank Melli, iliyofungua milango 1928. Mwaka 1932 riali ikachukua nafasi ya qiran, na noti za kwanza za Bank Melli zikatoka na sura ya Reza Shah, baba yake Mohammad Reza, zimechapwa na American Bank Note Company ya Marekani. Kwenye baadhi ya noti za miaka ile utasoma jina la benki kwa Kifaransa.

Na ile benki ya Waingereza ilikwenda wapi? Ilivuka maji. Ikafungua Dubai 1946, ikafungua Maskati 1948, benki ya kwanza hapa. Iran yenyewe iliondoka 1952. Wazee wetu waliokuja huku kutoka Unguja miaka ya sitini na sabini waliikuta kwa jina la British Bank of the Middle East. Ni ile ile ya noti za tomani.

#6 MhasibuDom
Hapo kwenye miji umenikamata. Naendelea kusoma.

#7 BintiBaharia
Asalaam aleikum. Naandika kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo miaka ya sabini, akifika Bandar Abbas na Khorramshahr. Ametuachia bati la biskuti lenye pesa za kila bandari. Za Iran zimo nne. Moja ni ya 200, mbele yuko Shah, nyuma mna mnara mkubwa kama lango. Ni ipi hii, ndugu yangu?

#8 MsafiriWaMatrah
Waaleikum salaam dada yangu, Mungu amrehemu mzee. Umeniletea noti ninayoipenda kuliko zote. Mnara huo ni Shahyad, uliokamilika 1971, mchoro wa Hossein Amanat. Leo unaitwa Azadi. Noti ni ya toleo lililoanza 1974.

Sasa nakuomba usitafute kwanza mtandaoni. Chukua lenzi, hata kamera ya simu ukiivuta karibu itafaa. Nyuma, kwenye nakshi, kuna nyota. Hesabu pembe zake. Halafu soma maandishi madogo chini kushoto, jina la mnara. Niambie vyote viwili.

#9 BintiBaharia
Nimehesabu mara tatu, na mwanangu amehesabu. Pembe 12. Maandishi nimeyasoma taratibu: "maidan", kisha "Shahyad".

#10 MsafiriWaMatrah
Hongera dada! Hiyo ni ya kati.

Nieleze ili na wengine wafaidike. Zilizotangulia zilikuwa na nyota ya pembe sita, na jina Maidan-e Shahyad, yaani uwanja wa Shahyad. Nyota ya pembe sita ilifanana na ile iliyo kwenye bendera ya Israeli, na hivyo ndivyo wakusanyaji wote ninaowajua wanavyoeleza kuondolewa kwake. Ikaja ya pembe 12, jina likabaki lile lile. Hiyo ndiyo yako. Kisha jina nalo likabadilishwa likawa Shahyad Aryamehr, kwa lakabu ya Shah, nyota ikabaki ya pembe 12. Noti tatu, na mtu akiziona kwa mbali ataapa ni moja.

Ukipata nafasi angalia pia uzi wa usalama uliopita ndani ya karatasi. Katika noti za toleo hilo kuna zenye uzi wa njano na zenye uzi mweusi.

#11 JahaziLaKale
Mimi ni mtu wa rupia za Zanzibar, zile za 1908 na kuendelea, Iran naingia kama mgeni. Ila hapo kwenye posti #3 nina la kuongeza. Baadhi ya waandishi wetu wa pwani walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliazima پ na چ kutoka Kiajemi, kwa sababu Kiarabu hakina "p" wala "ch". Kwa hiyo aliyezoea kusoma barua za mababu hatapotea akikutana na "panjsad" kwenye noti ya 500. Yeksad ni 100, divist ni 200, panjsad ni 500, hezar ni 1,000. Thamani imeandikwa kwa maneno kwenye noti, hivyo ukishika haya manne umeshapata nusu ya kazi.

#12 Kipanya_Moro
Kumbe! Na saini je? Mimi nina moja ya Khomeini haina mwaka popote.

#13 MsafiriWaMatrah
Mkuu umegusa penyewe. Kuanzia mwisho wa miaka ya sitini noti za Iran kwa kawaida hazina mwaka. Saini ndiyo mwaka wake.

Zipo mbili, na chini ya kila moja kuna cheo. Moja ni "vazir", waziri wa fedha, hiyo haina utata kwetu. Ya pili ni "rais-e kol". Nilipoanza nilidhani ni rais wa nchi! Sivyo. Ni mkuu wa Benki Kuu, sisi tungesema gavana. Benki Kuu yao, Bank Markazi, ilianza 1960, kabla ya hapo noti zilikuwa za Bank Melli.

Kazi yako ni kujua nani alikuwa waziri lini na nani alikuwa gavana lini, kisha unatafuta miaka waliyokutana. Chukua Mohsen Nourbakhsh. Alikuwa gavana 1981 hadi 1986. Mwaka 1989 akawa waziri wa fedha, na gavana wa wakati huo ni Mohammad Hossein Adeli. Mwaka 1994 akarudi kuwa gavana, akabaki hadi alipofariki 2003. Saini yake utaikuta kwenye nafasi ya gavana, kisha nafasi ya waziri, kisha tena ya gavana. Mtu anayeangalia saini bila kusoma cheo atapishana na noti kwa miaka kumi. Enzi ya Shah kuna mfano wa namna hiyo hiyo, Mohammad Yeganeh: gavana kwanza, waziri baadaye.

Yako ya Khomeini haiwezi kuwa ya kabla ya 1992. Alifariki Juni 1989 na sura yake iliingia kwenye noti baada ya hapo. Mkononi mwa wauzaji utasikia "hii ya Khomeini ya mwaka 79", ukisikia hivyo funga pochi. Ni noti ya kiasi gani?

#14 Kipanya_Moro
Elfu moja.

#15 MsafiriWaMatrah
Sawa. Kama siku moja utapata elfu moja nyingine, ya zamani kidogo, yenye Kubbat al-Sakhra ya Quds (Yerusalemu) nyuma, angalia chini ya jengo. Kuna zenye mstari mfupi wa ziada wa maandishi na kuna zisizo nao. Zinahesabiwa mbalimbali.

#16 JahaziLaKale
Mkuu, eleza zile zilizofutwa uso. Mimi niliumia hapo.

#17 MsafiriWaMatrah
Nilikuwa naja huko. Shah aliondoka nchini Januari 16, 1979, na Februari 11 utawala wake ukaanguka. Serikali mpya ikakuta shehena ya noti, nzuri, imara, na kila moja ina uso wa mtu aliyefukuzwa. Kuchapa upya kunahitaji muda. Basi zikapitishwa tena kwenye mashine, sura ya Shah ikafunikwa kwa nakshi nzito ya kiarabeski, majani na mizunguko iliyosongamana mpaka uso hauonekani.

Lakini Shah alikuwa pia ndani ya karatasi, kwenye kivuli. Kuna noti ambazo walifunika uso peke yake, kivuli kikaachwa. Kuna nyingine wakaongeza chapa juu ya sehemu ya kivuli pia, maneno "Jomhuri-ye Eslami-ye Iran" kwa mwandiko wa kupendeza. Jamhuri, Islami: unayasoma bila kamusi. Ukiwa na noti iliyofunikwa, swali la kwanza ni hilo: wamefunika kimoja au viwili? Linalofuata ni saini, kwa sababu noti za chini yake ni za enzi ya Shah na zina waziri na gavana wake.

Huwa nikiishika ya kwanza, ile ya uso peke yake, naipeleka dirishani. Nakshi inakaa kimya mbele, na pembeni yake kivuli kinajitokeza: Shah kijana, hana hata mvi. Mtu wa Tehran mwaka ule alikuwa ananunulia mkate noti hii.

#18 JahaziLaKale
Sasa niseme yangu ili mwingine asiumie. Muuzaji mmoja mtandaoni aliniuzia ya 500 iliyofunikwa, bei nzuri, picha nzuri. Ilipofika nikaona nakshi imefifia kingo. Nikaiweka chini ya lenzi ya kukuza mara 10. Nakshi halisi ina mistari myembamba, iliyokatika safi. Hii ilikuwa vidoto vidoto vya mashine ya nyumbani, na wino umetambaa kwenye nyuzi za karatasi.

Lililonithibitishia ni mkunjo. Noti ilikuwa na mkunjo mzee katikati, karatasi imechubuka hapo. Chapa ya kweli inachakaa pamoja na noti, kwenye mkunjo ingekuwa imechubuka nayo. Ya kwangu wino uliingia ndani ya mkunjo, ukajaza michubuko. Maana yake noti ilikunjwa kwanza, miaka na miaka, halafu mtu akaipiga chapa. Ni noti halali ya Shah iliyoharibiwa na mtu mwenye tamaa. Hasira yangu haikuwa pesa. Ilikuwa ile noti.

#19 MsafiriWaMatrah
Pole sana mkuu. Hilo la mkunjo naliandika kwenye daftari langu.

Na wanaopiga noti pasi ili zionekane mpya, nawaomba waache. Noti iliyopigwa pasi inakuwa laini na inang'aa, ile michoro iliyoinuka inalala. Ukipitisha ukucha kwenye noti isiyoguswa unaisikia chapa. Msioshe, msitumie selotepu, na msiziweke kwenye mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, baada ya miaka inanata na kuacha mafuta kwenye karatasi.

#20 BintiBaharia
Ndugu yangu, nimerudi. Nimeziangalia zile tatu zilizobaki. Mbili ni ndogo, za 20, nyuma kuna bwawa.

#21 MsafiriWaMatrah
Bwawa la Amir Kabir. Toleo lile lile la 1974. Zisome saini, usizichukulie kuwa pacha.

#22 BintiBaharia
Nitazisoma. Lakini ya nne imenitoa machozi, wacha niseme.

Ni ya 1,000, nyuma mna kaburi, nadhani la Hafez wa Shiraz. Mbele, mahali pa uso pana nakshi nyeusi nyeusi kama ulivyoeleza. Nikaipeleka dirishani. Kivuli hakijafunikwa, ni yeye, kijana. Nimeweka lenzi, mistari ni safi, na kwenye mkunjo chapa imechubuka.

Pembeni, mahali peupe, pana maandishi ya penseli. Nilidhani ni Kifarsi. Kisha nikaona ni mkono wa baba, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyokuwa akimwandikia bibi: "Bandari Abbasi. Safari ya mwisho."

Mama siku zote husema baba aliacha bahari mwaka 77, kabla sijazaliwa. Sasa hii noti haikuwako 77.

#23 JahaziLaKale
Haikuwako dada. Uso haukufunikwa kabla ya Februari 1979.

#24 MhasibuDom
Samahani niulize, penseli inafutika kwa raba laini bila kuumiza karatasi? Najua maandishi hushusha bei ya noti.

#25 MsafiriWaMatrah
Mkuu, hushusha, kweli. Dada, usiifute. Hata mtu akikuambia ni uchafu, usimpe raba. Mimi nina noti zaidi ya mia mbili za Iran humu ndani, na hakuna hata moja inayoniambia nani aliishika na alikuwa bandari gani. Yako ina mwaka uliowekwa na nakshi na mahali palipowekwa na mzee kwa mkono wake. Itenge na nyingine, iweke bapa katikati ya karatasi safi isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu. Bati la biskuti na hewa ya Mombasa havipatani.

Ukiweza tuwekee picha mbili, mbele na ile ya kivuli dirishani. Na maandishi yale ya penseli, mwanga uyapige kwa ubavu, yatasomeka vizuri zaidi.

#26 BintiBaharia
Shukran sana. Nitazipiga kesho asubuhi, jua likiingia kwa upande wa bahari. Mama nimemwonyesha usiku huu. Amekaa nayo, hajairudisha bado.